Nyatiti Kwanza, Orutu Baadaye

Jumapili, 9 Machi

Wanakwaya walinipa daftari hili siku ya harusi, limefungwa utepe wa zambarau, nami nimeliogopa wiki tatu nzima kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu iliyopigwa deki. Leo nimeamua kulichafua. Naitwa Beverlyne Mokeira, nina miaka ishirini na mitatu, na mimi ni mke wa Omanga. Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika polepole ili niifaidi.

Chumba chetu kiko Oruba, hapa Migori. Kina kitanda, meza, jiko la gesi, na ukutani juu ya kitanda kuna misumari miwili. Wa kushoto umebeba nyatiti yenye nyuzi nane. Wa kulia umebeba orutu, ile fidla ya uzi mmoja, pamoja na upinde wake. Baba yangu, Mzee Gichana, alipokuja kutuona alivitazama akasema, "Mwanangu, hata msalaba hamna, mmetundika ngoma." Baba ni Msabato na anauza vitunguu sokoni. Hakuwa ametaka nimpe moyo mpiga nyatiti. Moyo haukumuuliza.

Mchana Omanga anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi, nyuma ya soko. Yuko pale tangu alipoacha shule kidato cha pili. Anarudi jioni mweupe mpaka kope, kama malaika aliyechoka. Mimi ni Mkisii, yeye ni Mjaluo, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na ninapoongea hunitazama midomo. Hajibu haraka. Anatazama midomo, anatabasamu, kisha ndipo anasema. Hakuna mwanamume aliyewahi kunisikiliza namna hiyo. Mtu huyu anakula maneno yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Nguo hazikukauka. Ananiita jaber, yaani mrembo, hata nikiwa nimefunga kichwa kwa taulo.

Ijumaa, 14 Machi

Mirumbe alikuja akipiga kelele tangu kwenye lango. Yeye ni Mkuria wa Kegonga, ndiye anayempigia mume wangu ngoma, na sauti yake hutoka chini ya tumbo kama pipa linaloviringishwa.

"Shemeji, kanda chapati! Huyu mume wako amechaguliwa!"

"Amechaguliwa nini?"

"Homa Bay! Kupiga kwenye tamasha la tarehe ishirini na tano Mei. Wanataka mtu mmoja wa kuzunguka shule kufundisha watoto nyatiti na orutu. Kazi ya mwaka mzima. Ataacha kula unga wa watu!"

Ili kupata kazi hiyo, mpigaji lazima apige ala zote mbili katika tamasha moja. Marehemu baba yake Omanga alifanya zaidi ya hapo, alizipiga katika wimbo mmoja. Alianza kwa nyatiti, amekaa kwenye kigoda, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. Katikati ya wimbo ngoma ilibaki peke yake ikishika mwendo, naye akaiweka nyatiti chini, akachukua orutu, akaendelea palepale alipoachia. Tangu afariki miaka sita iliyopita, hakuna anayefanya hivyo kule kwao Kosele.

"Nitafanya kama mzee," Omanga alisema. "Nyatiti kwanza, orutu baadaye. Na wimbo ni wa huyu hapa." Akaninyooshea kidole. Chapati mbili ziliungua na sikujali.

Jumatano, 19 Machi

Nilisimama mlangoni nyuma yake nikaimba ule wimbo wa kwaya anaoupenda. Hakugeuka. Alikuwa ameinamia upinde akiupaka utomvu, amezama kabisa. Wasanii wako hivyo. Niliimba beti zote nne nikaenda kuchambua mchele.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika jambo baya kisha nitubu. Namwonea Mirumbe wivu. Wakiwa wawili wanacheka, wanajibizana haraka haraka, Omanga hata hamtazami usoni. Nikisema mimi, kunakuwa na kimya kidogo, kisha lile tabasamu. Juzi nilisema, "Maji yamekatika tangu asubuhi." Akatabasamu, akasema, "Hata mimi, jaber."

Jumanne, 8 Aprili

Nilimwambia "nakupenda" alipokuwa amenipa mgongo akivua viatu. Nikasema tena. Akasimama, akachukua taulo, akaenda kuoga. Nililia nikiosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Ndoa haina hata miezi miwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu ibada mpaka jioni. Sina la kuandika.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimerudi kutoka Kosele.

Binamu yake Omanga amehitimu chuo, na ukoo mzima ulikutana kwa mama mkwe wangu, Mama Eucabeth. Nilitaka sana wanipende. Tangu asubuhi nilimenya viazi na wanawake, wakaniita nyar Kisii, binti wa Kisii, maana kule mke huitwa kwa alikotoka. Nililipenda jina hilo. Nilijiona nimepandwa.

Baada ya chakula Omanga alianza kupiga. Sasa, Wajaluo wana desturi yao inayoitwa pakruok. Wimbo ukiwa umekolea, mtu yeyote anaweza kusimama na kuinua mkono, na mpigaji hukata wimbo mara moja. Mtu huyo humtuza mpigaji kidogo kisha hujisifu mbele ya wote. Hutaja ukoo wake, mashamba yake, rafiki zake, urefu wake kama ni mrefu. Watu hushangilia, na wimbo huendelea. Jina la sifa alilojipa au alilompa mwenzake siku hiyo linaweza kumfuata maisha yake yote. Mpigaji asiyekata amemwambia mtu huyo mbele ya watu kwamba yeye si kitu.

Baba Mkubwa Onyango, kaka wa marehemu baba mkwe, alisimama upande wa mlango. Aliinua mkono. Akasema kwa sauti yake nyembamba ya uzee, "Weka hapo!"

Omanga alikuwa kwenye orutu, amemwelekea binamu yake. Hakukata.

"Weka hapo, kijana!"

Orutu iliendelea. Watu waligeuka. Mtu mmoja akacheka, kisha akanyamaza. Mzee alibaki amesimama, mkono juu, noti kati ya vidole viwili, kama mtu anayejaribu kusimamisha gari lililokwisha pita. Ubeti mzima. Nilitaka ardhi ipasuke. Mwishowe binamu alimshika Omanga bega, naye akaacha, akatazama huku na huku akitabasamu. Lile tabasamu!

Baba Mkubwa aliikunja noti mara nne, akairudisha mfukoni. "Nimemzika ndugu yangu," alisema, "na leo mwanawe amenizika mimi. Endelea kupiga."

Akatoka nje mvuani bila koti.

Omanga hakuomba msamaha. Alisema tu, "Nilikuwa kwenye wimbo." Na Mama Eucabeth, ambaye asubuhi alikuwa amenipa kipande cha ini kwa mkono wake, alinigeukia mimi mbele ya wanawake wote.

"Nyar Kisii, umemfanya nini mwanangu? Alitoka hapa na heshima. Mji na mwanamke mpya vimemjaza kiburi."

"Mama, mimi sijamwambia kitu..."

"Ndiyo hiyo. Hukumwambia kitu."

Njia nzima sikumsemesha Omanga. Hata sijui kama alitambua.

Jumanne, 22 Aprili

Nimelala nimegeukia ukuta. Ameniwekea chai. Sikunywa mpaka alipoondoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Ninashona mapazia kwenye duka la Kultum, mama wa Kiislamu aliyekuja Migori kutoka Isiolo kabla mimi sijazaliwa. Leo Omanga alipita kuniletea ufunguo. Kultum alimwita kwa nyuma, "Baba, chukua mwavuli!" Aliita mara tatu. Omanga akaenda zake akilowa.

Kultum aliendelea kukunja kitambaa. Kisha akasema, "Mwanangu, ameanza lini?"

"Ameanza nini?"

"Kutosikia."

Nilicheka. Nilimwambia mume wangu ni mwanamuziki, masikio ndiyo mtaji wake.

"Kaka yangu alikuwa fundi wa jenereta miaka ishirini," alisema. "Wallahi alikuwa hivyohivyo. Sauti nzito anasikia. Sauti ya mama yake, ya binti zake, hapana. Alikuwa akitutazama midomo, na sisi tukadhani anatupenda sana."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuona tundu lake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilingojea hadi amalize kula. Nikajifunika mdomo kwa kanga, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Omanga, nyumba inaungua."

Alitabasamu.

Nikaishusha kanga. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila tabasamu lilimtoka polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo aliouzoea.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka miwili. Mitatu."

"Ulijua kabla ya harusi."

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Baba yako hakutaka mpiga nyatiti. Angempa binti yake mpiga nyatiti kiziwi?" Aliitazama mikono yake. "Ni mashine. Inapiga kelele siku nzima, ukitoka unasikia mluzi. Zamani mluzi ulikuwa unaisha. Nyatiti bado naisikia, sehemu nyingine naisikia kwa mguu, pete ikigonga. Orutu iko juu sana. Natafuta sauti kwa vidole tu, kwa kukumbuka. Na wewe pia uko juu, Beverlyne."

"Kwa hiyo hunisikii."

"Nasikia kwamba unaongea."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika, na yote nikahakikisha anaona midomo yangu. Kisha nikauliza kuhusu Baba Mkubwa. Kwa nini asimweleze mzee?

"Afadhali waseme nina kiburi," alisema. "Mtu wa kiburi bado anaitwa kupiga. Kiziwi anaonewa huruma. Niapie, jaber. Mpaka tarehe ishirini na tano ipite, mtu asijue. Mirumbe anajua. Wewe sasa. Basi. Nikipata ile kazi nitaiacha mashine, na labda haya yaliyobaki yatabaki."

Niliapa. Nilikuwa bado nimekasirika, lakini niliapa.

Jumanne, 29 Aprili

Tulikwenda hospitali apimwe masikio. Walimvalisha vitu masikioni, wakamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Nilikaa pembeni nikauona mkono wake. Uliinuka, uliinuka, kisha ukatulia pajani na haukuinuka tena, na dada aliyekuwa akimpima alikuwa bado anabonyeza kitufe.

Alituonyesha mchoro. Mstari unatembea vizuri kisha unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Alisema kilichokwenda hakirudi, na mashine ikiendelea kitakwenda na kilichobaki. Kuna vifaa vya masikioni ila bei yake ni ya kutazamwa tu. "Sauti za ndege, za watoto, za wanawake," alisema, akiuonyesha ule mwanguko kwa kalamu, na aliponiona alikohoa akaanza kuandika.

Jumanne, 6 Mei

Nina kazi mpya. Mimi ni sikio.

Kumbe kwaya ilinifundisha kitu. Kila jioni Omanga anakaza nyuzi za nyatiti mwenyewe, kisha anapiga uzi wa tatu, nami nakizungusha kigingi cha orutu mpaka zikubaliane. Ngozi ya orutu ni ya kenge, na siku za mvua hulegea, sauti ikashuka. Yeye hajui imeshuka. Mimi nainua kidole juu au chini. Anapotelezesha vidole mahali sahihi nafumba macho, na anasema hiyo ndiyo alama anayoipenda kuliko zote.

Nilikuwa nimemkasirikia siku kumi na moja. Leo nilimtazama ameinamia ule uzi mmoja, akitafuta sauti ambayo haipo tena kichwani mwake, na akaipata, akainua macho kuniuliza kama ndiyo yenyewe. Ilikuwa ndiyo. Ee Mungu, nimempenda upya, na safari hii si kama wasichana wanavyopenda.

Jumapili, 11 Mei

Mirumbe alisema Baba Mkubwa anakuja Homa Bay. "Atainua mkono tena, shemeji. Anataka aone kama mara ya kwanza ilikuwa makusudi."

Tumepanga hivi. Mtu akisimama, Mirumbe ataisimamisha ngoma palepale na kuinua vijiti juu. Omanga akiona vijiti juu, anakata. Lazima asimwondolee Mirumbe macho.

"Na usifumbe macho," nikamwambia.

"Mimi huwa nafumba?"

"Kwenye wimbo wangu, kila mara."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Tumefanya mazoezi mara saba, saba zote sawa.

Jumatatu, 26 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Ukumbi ulijaa, paa la mabati, watu wamekaa mpaka madirishani. Wapigaji walikuwa wanne, na Omanga alikuwa wa tatu. Walio mbele yake walipiga nyatiti kisha wakapumzika, wakanywa maji, wakarudi na orutu. Nilijua hawana lile letu la kubadilisha katikati ya wimbo. Mama Eucabeth alikaa nyuma yangu na Baba Mkubwa alikaa ubavuni, karibu na spika, na koti lake la kijivu. Nilimsalimia. Aliitikia kwa kidevu.

Saa sita niliikaza orutu nyuma ya ukumbi. Ilikuwa sawa kabisa.

Omanga alikaa kwenye kigoda, Mirumbe kwenye ngoma, waitikiaji wa wimbo nyuma yao. Njuga mguuni, pete kwenye kidole gumba. Alipoanza, watu waliacha kuongea mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa nyumbani. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Mama mmoja wa waandaaji, aliyekuwa akiandika kwenye meza, aliiweka kalamu chini. Nyimbo tatu. Kisha wimbo wangu, na kwenye wimbo huo ndipo angebadilisha.

Mvua ilianza kupiga mabati wakati huohuo.

Ngoma ilibaki peke yake. Aliilaza nyatiti chini kama mtoto aliyelala, akachukua orutu, akaingia palepale, na ukumbi ukalia kwa furaha. Wazee waliomjua baba yake walisimama. Nilifumba macho kumpa alama. Nilikuwa na furaha ambayo nadhani sitaipata tena yote kwa pamoja namna ile.

Kisha niliisikia ikishuka. Kidogo kwanza, halafu wazi. Unyevu uliingia kwenye ngozi, na orutu ikawa chini ya wimbo, chini ya waitikiaji, na yeye vidole vyake vilikuwa mahali pake pote sahihi. Niliinua kidole juu. Nikainua mkono mzima. Alikuwa amefumba macho.

Na Baba Mkubwa akasimama.

Mkono juu. Mirumbe alikata ngoma, vijiti hewani, waitikiaji wakanyamaza. Sasa ilibaki orutu peke yake, imeshuka, inalia juu ya mvua, na mume wangu nyuma ya kope zake akinipigia mimi, na mzee amesimama kwa mara ya pili mbele ya kaunti nzima. Niliusikia ukumbi ukianza kunung'unika. "Ana dharau huyu!" "Amelewa?" Mtu alipiga mluzi.

Sikufikiri. Ningeweza kumgusa tu bega. Nimeirudia mara mia tangu jana, ningeweza kumgusa bega. Nilipanda jukwaani, nikaweka kiganja changu juu ya uzi.

Alifungua macho.

Nami nikainua mkono, kama wanavyofanya wao. Nikamtazama yeye nikasema kwenye maikrofoni, "Mimi ni nyar Kisii, binti wa Gichana. Mimi ndimi sikio la Omanga. Mume wangu hana kiburi. Hasikii." Kisha nikamgeukia Baba Mkubwa. "Mashine ya kusaga imekula masikio yake ili watu wale ugali. Baba, hakukuzika. Hakukusikia. Lakini mnileteeni wanaume wote wanaosikia, kutoka Migori mpaka hapa, muwapange mstari, nami nitapita nikiwatazama mmoja mmoja mpaka nimfikie huyu, nimshike mkono, twende nyumbani."

Mvua tu. Kisha vigelegele, ukumbi mzima, viti vikianguka. Baba Mkubwa alipanda jukwaani analia, akamkumbatia Omanga, akamwomba msamaha sikioni, ambako hakungefika kitu. Watu walinishika mikono. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani tumeshinda. Nilikuwa nang'aa.

Niligeuka kumtafuta. Alikuwa anaifunga orutu kwenye mfuko wake. Alizungusha kamba mara mbili, akafunga fundo, akawashukuru watu kwa kichwa, akatabasamu lile tabasamu.

Nje, yule mama wa kalamu alinivuta kando. Alikuwa amelia. "Dada, umenigusa sana," alisema. "Tulikuwa tumeshakubaliana ni yeye. Kule kubadilisha, kama baba yake... Lakini utaelewa. Ni kufundisha watoto. Watoto atawasikiaje?"

Mama Eucabeth alikuwa amesimama chini ya baraza. Nilitaka anikumbatie. Aliniambia, bila hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, "Nyar Kisii, pakruok ni ya kujisifu. Mtu haaniki kidonda pale."

"Nilitaka wasiseme ana kiburi."

"Mimi ndiye niliyesema ana kiburi. Siku ile ya Pasaka, mbele ya watu wote. Unadhani kwa nini?" Alinifunga kifungo cha sweta kilichokuwa wazi. "Nilimzaa mimi. Nilijua kabla yako."

Alhamisi, 29 Mei

Hajakasirika. Nimemwomba msamaha nikiwa nimemsimamia usoni, na alisema, "Yameisha." Anakula, anakwenda mashineni, anarudi mweupe. Ameziba masikio kwa pamba.

Jumatano, 4 Juni

Sokoni sasa wanamwita Omanga Asiyesikia. Hawana ubaya, wanalisema kwa mapenzi. Wanamkaribia na kumpigia kelele polepole, kama mtu anayeongea na mgeni au mtoto. Muuza nyanya alimwongezea tatu bure. Alizishika mpaka nyumbani, akaziweka mezani, hakuzila.

Hakuna aliyemwita kupiga. Kulikuwa na harusi Rongo iliyokuwa imeahidiwa tangu Februari. Wamesema hawataki kumsumbua.

Jumapili, 8 Juni

Baba Mkubwa alikuja Migori na kuku na miwa. Alikaa sana. Alipoondoka Omanga alimpa orutu. "Kuna yule binamu mdogo Kosele," alisema, "ana sikio. Ikikaa hapa itaoza."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Nami nikafagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nilirudi mapema kutoka kanisani. Mvua zimekwisha, ua limejaa nguo za watu, jua kali. Omanga alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, nyatiti mbele yake, hapigi.

Aliniambia nikae. Alikivuta kiti mwenyewe, akakiweka karibu, magoti yakagusana.

"Kuna kitu sijakuuliza," alisema. "Siku ile jukwaani. Ulisema mimi sisikii. Hilo niliona. Halafu ukamgeukia Baba Mkubwa."

"Ndiyo."

"Niliona mgongo wako. Niliona watu wanalia. Nimekaa wiki tatu nikitafuta ni nini ulichosema kwa watu ambacho hukutaka nione."

Nilishindwa kumtazama. Wiki tatu. Nami nilikuwa nimedhani amesikia yote na hayakumtosha.

"Mirumbe hakukwambia?"

"Sikutaka kuambiwa na Mirumbe."

Basi nikaanza. Nilianza pale kwenye wanaume wote wanaosikia, kutoka Migori mpaka kule. Midomo ilikuwa inanitetemeka na akashindwa kuisoma. Alitikisa kichwa, akaleta sikio lake la kulia karibu na kinywa changu.

"Chini kidogo," alisema. "Sauti yako. Chini."

Nikashuka. Akatikisa kichwa. Nikashuka tena, mpaka kifuani, mpaka mahali ambapo kwaya haijawahi kunituma, sauti nene ya kukwaruza, sauti ya mtu nisiyemjua. Jirani aliyekuwa akianika nguo aligeuka kutazama ni nani. Nikayasema yote kwa sauti hiyo, ile foleni ya wanaume, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

Alikuwa amefumba macho. Hakutabasamu.

"Hapo," alisema. "Hapo nakusikia."

Tangu saa ile naongea hivyo. Koo linauma, na nimeshajaribu mara mbili leo kurudi kwenye sauti yangu ya zamani, nikiwa peke yangu, ili nisiisahau.